Kuendesha timu ya wavu ya wasichana chuoni Tanga: watu, hela na masomo, mwongozo kamili

Kila mwaka chuo kikifungua napata meseji zilezile, dada tunataka tuanzishe timu ya wavu chuoni kwetu tunaanzia wapi, dada kocha wetu kaondoka, dada uongozi umetunyima hela. Mimi nimecheza useta, yule anaewainulia wapigaji mpira, miaka yangu yote mitatu ya chuo, baadae nikarudi kuwa meneja wa timu hapa Tanga, na nimeona timu zikifa nyingi kuliko zilizopona. Kwahiyo naandika yote hapa mara moja, atakaehitaji asome mpaka mwisho, ni ndefu ila ndo kazi yenyewe ilivyo.

Niseme mapema kitu ambacho wengi hawataki kusikia. Watu wakianzisha timu wanakimbilia mpira na jezi. Mimi nakwambia mtu wa kwanza kumtafuta ni yule atakaeshika daftari la masomo la wachezaji, hata kabla ya kocha. Mwaka wangu wa pili wa umeneja tulikua na seta mmoja, mkono laini huyo, ukimpa mpira mbovu anakurudishia mzuri, timu nzima ilikua inamzunguka yeye. Mwezi wa tatu tuko vizuri, mwezi wa tano tuko moto, matokeo ya mwaka yanatoka binti kadisko, kaondolewa chuo kwa kufeli. Hakuna kati yetu alieangalia alama zake hata siku moja. Tulikua tunajua anaruka juu kiasi gani, hatujui kama kafanya testi. Baba yake alikuja kumchukua na mabegi, akanisalimia kwa heshima tu, hakuniuliza kitu, na mimi sikua na la kumjibu. Toka siku ile nimegeuza utaratibu wote, masomo yanaanza, watu wanafuata, hela halafu uwanja.

HATUA YA KWANZA: DAFTARI LA MASOMO

Chukua daftari kubwa la kaunta au fungua Excel, yoyote sawa. Kila mchezaji ana ukurasa wake: jina, namba ya usajili, kozi, mwaka wa masomo, namba ya CR (kiongozi) wa darasa lake, namba ya mzazi, na ratiba nzima ya vipindi vya semista. Ratiba ichukue kutoka kwenye ubao wa idara, usimuulize kwa mdomo, maana mtoto anaetaka kucheza atakwambia jioni yuko huru wakati ana semina.

Ukishapata ratiba za wote kumi na nne au kumi na tano, zilaze pamoja kwenye karatasi moja, siku kwa masaa, piga alama kila penye kipindi. Utaona matundu yenyewe yanajitokeza. Sisi yalijitokeza Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa kumi na robo mpaka saa kumi na mbili na robo jioni, na Jumamosi asubuhi saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tatu kabla jua la Tanga halijawa kali. Jumla masaa nane na nusu kwa wiki. Wengine wananiambia ni kidogo. Wenzetu Marekani, ambako timu ya wasichana ina makocha wa kulipwa, wahudumu na walimu wa ziada, chama chao cha michezo ya vyuo NCAA kimeweka kikomo cha masaa 20 kwa wiki msimu wa mashindano na lazima iwepo siku moja ya kupumzika. Sasa sisi ambao binti anatoka mazoezini anaenda kupanga foleni ya maji na kupika mwenyewe, nane na nusu yanatosha kabisa kama kocha anajua anachofanya.

Kwenye kila ukurasa acha sehemu ya alama. Vyuo vyetu vingi somo ni mia, arobaini zinatoka kwenye testi na asaimenti ndani ya semista na sitini zinatoka mtihani wa mwisho. Hiyo arobaini ndo inayoua wachezaji, kwasababu inaliwa kidogo kidogo wakati wa msimu, testi moja umesafiri, asaimenti ya kundi hukuepo wenzio wakakutoa jina, ukija kustuka unaingia mtihani wa mwisho ukiwa na kumi na mbili. Kwahiyo mtu wa masomo anakagua mara mbili kwa semista, wiki ya sita na wiki ya kumi. Anakaa na kila mchezaji dakika kumi tu, nionyeshe karatasi zako, testi ngapi umefanya, ngapi umekosa, ngapi zinakuja. Yupi aifanye hii kazi? Sisi tulimuomba mwalimu kijana wa idara nyingine kabisa, ambae hajali kama tunashinda au tunafungwa. Usimpe kocha. Kocha atamuonea huruma seta wake.

Mtu akiwa chini afanyweje? Hapa wengi wanakosea, wanamfukuza mazoezini. Mimi napinga. Binti ukimtoa mazoezini humrudishi kwenye vitabu, unamrudisha chumbani kulala na mawazo, tena umemtenga na wenzie wanaoweza kumsukuma. Sisi tunamnyima safari. Mazoezi anakuja kama kawaida, ila gari likiondoka yeye anabaki Tanga anafanya testi yake. Inauma kweli kweli na ndo maana inafanya kazi. Na kila Jumanne na Alhamisi usiku saa moja na nusu mpaka saa tatu na nusu timu nzima inakaa darasa moja inapiga kitabu, simu kwenye boksi, wa mwaka wa tatu wanawafundisha wa mwaka wa kwanza. Madesa yanagawiwa hapohapo. Hilo darasa limetuokoa zaidi ya zoezi lolote la bloku, kuruka kuzuia mpira kwenye wavu.

Ukisafiri barua ya ruhusa inaandaliwa wiki nne kabla, sio siku mbili. Iwe na orodha ya majina, namba za usajili, kozi, tarehe za kutoka na kurudi, ipite kwa mshauri wa wanafunzi asaini, nakala ziende kwa wakuu wa idara. Baada ya hapo kila mchezaji mwenyewe, kwa miguu yake, apeleke nakala kwa kila mwalimu wake na aombe tarehe ya kufidia testi, iandikwe nyuma ya ile nakala na mwalimu aweke sahihi. Nakala inarudi kwenye faili. Tuliwahi kupeleka barua testi ikiwa imeshafanyika, mwalimu akakataa kuirudia, na ukweli alikua na haki yake. Mwalimu anaeheshimiwa mapema huwa anasaidia, anaeletewa barua ukutani kama tangazo la msiba hasaidii.

Kuna jambo lingine halisemwi sana na lazima lisemwe. Binti mwenye alama mbaya, anaesafiri safari, anaehitaji kufidia testi, huyo ndo anawindwa. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai, ipo kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na haijalishi anaeomba ni mwalimu, kocha au kiongozi wa timu. Wasomee wachezaji hicho kifungu siku ya kwanza ya msimu, wape namba ya bure ya TAKUKURU 113, waambie na mtu wa ndani wa kumwambia ni nani. Kufidia testi kunafanyika ofisini, mchana, mlango wazi, na ikiwezekana wanaenda wawili. Usilifanye jambo la aibu, lifanye utaratibu.

HATUA YA PILI: WATU

Mnajua wenyewe msemo wa mji wetu, Tanga waja leo waondoka leo. Basi makocha wa wavu nao ndo hivyo hivyo, anakuja Oktoba kwa mbwembwe, Februari hayupo kapata kazi Dar. Dawa ni mbili. Ya kwanza muandikieni karatasi, hata kama hela ni ndogo: mkataba wa mwaka mmoja wa masomo, mazoezi mangapi kwa wiki, posho kiasi gani kwa kila zoezi alilohudhuria, nani anasaini mahudhurio, na akitaka kuondoka atoe taarifa ya mwezi. Ya pili usiwe na kocha mmoja, uwe na kocha na msaidizi, na msaidizi awe anaandika kila zoezi kwenye daftari, ili mkuu akiondoka timu isianze upya na zoezi la kupasiana mpira kama watoto.

Ukiwa na watu wachache kabisa, mbali na yule wa masomo (kama hujampata bado rudi hatua ya kwanza), watatu ndo chini ya yote: kocha, meneja, matroni. Wakiongezeka ongeza mtunza vifaa, halafu mtu wa huduma ya kwanza, halafu wa kuandika takwimu.

Kocha usimchague kwa jina lake la uchezaji. Muulize ana kozi gani, FIVB, shirikisho la wavu la dunia, wana kozi za makocha za ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu, na chama chetu cha wavu cha taifa ndo mlango wa kuzipitia. Kama hana cheti lakini ana moyo, mpelekeni kozi ikitokea, weka kwenye bajeti. Afu mtazame akifundisha siku mbili kabla hujamwajiri. Angalia anavyoongea na mabinti anapokasirika, hapo utajua kila kitu. Na kati ya kocha na msaidizi wake, mmoja lazima awe mwanamke. Kuna mambo mchezaji hatamwambia kocha mwanaume hata umfanyeje, ataumwa tumbo kimya kimya na mtasema mvivu.

Matroni. Jamani matroni sio mama wa kubeba mabegi. Huyu ndo anaelala nyumba moja na wachezaji safarini, anashika orodha ya dawa na mizio yao, anajua nani yuko kwenye siku zake, nani hajala, nani bumu halijaingia. Hili la bumu nisisitize, mkopo ukichelewa utaona mchezaji mzito miguu, ukadhani anajisikia, kumbe jana kala chai na kitumbua. Matroni wetu ana mfuko mdogo wa dharura kwa ajili hiyo tu na haulizwi amempa nani, anaulizwa zimebaki ngapi. Wachezaji wanamuita mama na wanamaanisha.

Meneja ndo barua, hela, simu, magari. Asiwe mchezaji. Nimeona kapteni anafanywa meneja, anaingia uwanjani kichwani ana deni la mwenye gari.

Wachezaji wenyewe wa kuwatafuta ni wiki ya kwanza wanayoripoti wa mwaka wa kwanza, weka meza karibu na foleni ya usajili na wavu umefungwa pembeni watu waone. Uliza waliocheza UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, mkono wa kwanza hao. Halafu nenda kwenye uwanja wa netiboli. Binti wa netiboli anaeruka na kudaka mpira hewani, ukimpa miezi sita anakua mtu wa kati mzuri wa kubloku, nimewaona watatu kwa macho yangu. Urefu ni mzuri lakini ukipata kafupi kanakojitupa chini bila woga hako ndo libero wako, mchezaji wa kuokoa mipira ya chini, usikaache.

Tanga yetu wachezaji wengi wanavaa hijabu, wengine wazazi wanakataa wasicheze kwa kudhani lazima wavae vikaptula. Waelimishe wazazi kwa utulivu. FIVB inaruhusu hijabu na nguo ndefu, Doaa Elghobashy wa Misri alicheza wavu wa ufukweni Olimpiki ya Rio 2016 akiwa na hijabu yake na dunia nzima ikaona. Cha kufanya ni sare, wote wenye mikono mirefu na suruali wafanane rangi, na mtandio uwe wa kitambaa cha michezo unaobana bila pini, pini ni hatari. Mimi nimeshakaa mikekani Ngamiani na Makorora kuongea na kina mama wawili na wote walikubali, walichotaka kujua ni nani atakua na mtoto wao usiku, kikaptula hakikua shida kubwa kiivyo. Nikawapa namba ya matroni yakaisha.

HATUA YA TATU: HELA

Hela za timu ya chuo ziko mafungu matatu, chuo chenyewe, serikali ya wanafunzi kupitia waziri wa michezo, na wadau wa nje. Kila fungu lina mlango wake na wakati wake.

Kwa vyuo vya umma mwaka wa fedha unaanza Julai mosi unaisha Juni 30, maana yake bajeti inapikwa mapema, ukipeleka dokezo lako mwezi wa saba umeshachelewa mwaka mzima. Peleka Januari. Dokezo liwe kurasa mbili tu, ukurasa wa kwanza timu ilifanya nini na matokeo ya MASOMO ya wachezaji (ndio, hapa ndo lile daftari linapoleta hela, tulipoanza kuonyesha kwamba wachezaji wetu hawakeri (hawabebi masomo waliyofeli) na hawadisko, yule afisa aliekua anatukunjia uso alianza kutuita ofisini mwenyewe), ukurasa wa pili hesabu. Usiandike "safari ya mashindano milioni nne" kavu kavu, watakata nusu. Andika hesabu inayojieleza.

Nawapa mfano, bei weka za kwako maana zinabadilika. Safari ya mashindano ya TUSA, chama cha michezo ya vyuo vikuu Tanzania, siku sita, wachezaji 12 na viongozi 4, jumla 16. Chakula milo mitatu kwa siku, 16 mara 3 mara 6 ni milo 288, kwa 4,000 kila mlo ni 1,152,000. Kulala usiku tano, 16 mara 5 ni vitanda 80, kwa 5,000 hosteli ya chuo mwenyeji ni 400,000. Maji lita tatu kwa mtu kwa siku ni lita 288, boksi la chupa 12 za lita moja na nusu ni lita 18, kwahiyo boksi 16, kwa 7,000 ni 112,000. Gari ya Coaster kwenda na kurudi tuseme 1,800,000. Dawa, barafu, bandeji na pedi 120,000. Jumla 3,584,000. Ongeza dharura asilimia kumi, 358,400, inakua 3,942,400. Ukiandika hivi anaekata inabidi akwambie ni mlo gani haule, na mara nyingi hakati.

Pedi ziandike pedi. Usizifiche kwenye "mengineyo". Mara ya kwanza mhasibu alicheka, mara ya pili alipitisha.

Hela ikitoka inatoka kama masurufu, yaani hela ya kazi inayorejeshwa kwa risiti, kwa jina la mtumishi mmoja, na hapo ndo timu nyingi zinapojichimbia kaburi. Masurufu yasiporejeshwa kwa wakati, huyo mtumishi hapewi tena na timu haisafiri tena. Sisi tulikaa mwaka mzima bila safari kwasababu ya bahasha moja ya risiti iliyopotea kwenye gari, hakuna alieiba, ni uzembe tu. Sasa tunafanya hivi, bahasha moja ya plastiki, kila siku jioni meneja na matroni wanakaa kitandani wanahesabu, risiti za mashine (EFD) zinapigwa picha na kutumwa grupu la WhatsApp la viongozi hapohapo, maana zile karatasi zinafifia zikikaa joto la gari siku tatu hazisomeki. Mama ntilie asie na mashine anaandika kwa mkono, jina, namba ya simu na sahihi, lakini uliza mhasibu wako mapema kama anazikubali. Ndani ya siku saba baada ya kurudi ripoti iko mezani. Na vifaa vikubwa kwa chuo cha umma manunuzi yanapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, kwahiyo mipira ya mwezi wa kumi iombwe mwezi wa saba.

Hela ya timu isikae kwenye simu ya mtu. Hata kama ni wewe, hata kama ni mwaminifu. Michango iingie akaunti ya chuo kwa kontroo namba, au kama ni michango midogo ya wachezaji kuwe na daftari linalosomwa mbele ya wote kila mwisho wa mwezi.

Wadau wa nje. Mji wetu una bandari, saruji, mkonge, maziwa, machungwa yanashuka kutoka Muheza, na bado watu wanaenda kuomba hela taslimu wanarudi mikono mitupu. Omba kitu. Kampuni ikikupa maji boksi ishirini au usafiri wa kwenda tu, imekutoa kwenye bajeti kiasi kilekile. Mwenye shamba la machungwa atakupa gunia kabla hajakupa elfu kumi. Kamba za kukaza nguzo zetu ni za mkonge tulizopewa bure kabisa na zimedumu kuliko za nailoni. Rudi kwa kila aliekupa na picha na barua ya shukrani ndani ya wiki mbili, hata kama mlifungwa mechi zote.

Ukikutana na kiongozi anaekwambia wavu wa wasichana nani anaangalia, mwambie tarehe 30 Agosti 2023 chuo cha Nebraska huko Marekani kilichezesha mechi ya wavu wa wanawake kwenye uwanja wa futiboli ya Kimarekani wakaingia watu 92,003. Na kama Marekani mbali, Kenya hapo, ukivuka Horohoro umefika, Malkia Strikers, timu yao ya taifa ya wavu ya wanawake, wameenda Olimpiki ya Tokyo na ya Paris. Watu wanaangalia wakiwekewa kitu cha kuangalia. Sisi tunafanya bonanza Jumamosi moja kila semista, tunaalika shule za sekondari, kina mama wanauza mihogo na juisi, na pale ndo wadau wanatuona.

HATUA YA NNE: UWANJA NA VIFAA

Hapa ntaenda haraka, vipimo havibishaniwi. Uwanja mita 18 kwa 9, mistari unene sentimita 5, mstari wa mashambulizi mita 3 kutoka katikati, na pembeni pande zote acha wazi angalau mita 3. Ili pembe zisiwe kombo pima kwa mshazari, nusu uwanja ya 9 kwa 9 mshazari wake ni mita 12.73 na uwanja mzima 20.12, ikigoma kufika hapo umechora pembe mbovu. Wavu wa wanawake ni mita 2.24 katikati. Katafute ubao, upime 2.24, upige rangi nyekundu, ukae na mipira siku zote. Nimeona mabinti wamefanya mazoezi mwaka mzima kwenye wavu wa wanaume wa 2.43 kisa wavulana ndo walioufunga, wakienda mashindano kila kitu wanapiga nje.

Nguzo ni bomba la chuma lenye kimo cha mita 2.55 juu ya ardhi, nusu mita mpaka mita moja nje ya mstari wa pembeni, lizamishwe kwenye zege. Chumvi ya bahari hapa haina huruma, piga rangi ya kuzuia kutu kila mwaka kabla ya masika na wavu usilale nje. Nguzo zifungwe sponji au hata godoro kuukuu, mtu akizifuata kwa spidi utanikumbuka.

Uwanja ukiwa karibu na bahari upande wa Raskazone jioni ya kusi upepo unasumbua sevisi za juu, elekeza uwanja urefu wake ufuate upepo kama unaweza, ili timu zibadilishane upande sawa. Mipira mmoja kwa wachezaji wawili ndo lengo, ukianza na sita inatosha. Tenga miwili ya mechi, isiguswe kwenye vumbi.

HATUA YA TANO: SAFARI, AFYA NA RAMADHANI

Gari liondoke alfajiri lifike mchana. Kutoka Tanga mpaka Dar ni kama kilomita 350 na binti alielala kwenye siti usiku kucha hachezi asubuhi. Vyumba vya wasichana viwe sehemu moja, matroni chumba cha karibu na ngazi, viongozi wanaume jengo lingine kabisa, hata kama ni gharama. Hesabu ya watu inapigwa kila wakati wa kupanda gari na kila saa tatu usiku.

Majeraha ya wavu mengi ni kifundo cha mguu, na mara nyingi hutokea kwenye wavu mtu akitua juu ya mguu wa mwenzie baada ya bloku. Kwahiyo fundisha kutua kabla ya kuruka: miguu miwili, magoti yamekunjika, ndani ya upande wako. Mtu akiteguka, mtoe, barafu iliyofungwa kitambaa dakika 15 mpaka 20, bandeji, mguu juu ya begi. Usimruhusu mtu amvute na kumnyoosha hapo uwanjani. Akishindwa kukanyaga hatua nne apelekwe hospitali kupigwa picha, akiwa Tanga mpeleke Bombo, na kadi yake ya bima iwe kwenye mfuko wa matroni muda wote. Goti likilia na kuvimba ndani ya masaa machache hilo sio la kuchua, ni la daktari.

Ramadhani tunapunguza. Tunafanya saa kumi na moja mpaka kumi na mbili jioni, mambo ya mikono tu, kupasi, useta, sevisi, hakuna kuruka na hakuna kukimbia, na wanaofunga wanafuturu pamoja na wasiofunga. Makocha wengine wanapeleka mazoezi baada ya tarawehe, mimi sikubali kwa timu ya wasichana wa hosteli, saa nne usiku kurudi bwenini ni kutafuta matatizo na wodeni na watu wa njiani.

MWISHO WA MWAKA

Wiki tatu kabla ya mitihani mazoezi yanasimama, yote, hata kama kuna mechi ya kirafiki nzuri namna gani. Wiki hizo viongozi wanafanya kazi ya makaratasi: hesabu ya vifaa kimoja kimoja na hali yake, ripoti ya hela yenye risiti zote, ukurasa wa kila mchezaji umejazwa, daftari la mazoezi la msaidizi, orodha ya wadau na kila mmoja alitoa nini. Vyote kwenye boksi moja lenye kufuli, nakala moja kwa mshauri wa wanafunzi, ufunguo mmoja kwa meneja na mwingine kwa kapteni mpya. Matokeo yakitoka mtu wa masomo anapiga simu kwa kila mchezaji, wa kwanza kupigiwa ni mwenye sapu, anamuuliza tarehe ya mtihani wake wa marudio na anaanza kazi siku hiyohiyo.